Ndevu, macho mekundu na ushahidi: jibu kwa mwenyekiti wa mtaa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa mmoja hapa Nyamagana, Mwanza, na ni Mkristo. Kijana wa jirani yangu, ambaye zamani alikuwa akiuza dagaa pale Mwaloni, alikaa nje ya mkoa mwaka mzima na sasa amerudi. Amefuga ndevu, anavaa suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu, hapeani mkono na wanawake, na haswali tena katika msikiti aliokulia. Wakazi watatu wamenijia wakitaka nipeleke jina lake polisi, wakinikumbusha yaliyotokea Mkolani mwaka 2016. Mzee mmoja Mwislamu ameniambia kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimeingia katika chuki dhidi ya Waislamu. Je, si kweli kwamba karibu magaidi wote tunaowasikia ni Waislamu? Na kama ni kweli, kuna kosa gani kuwa na tahadhari nao kuliko watu wengine?"

Marahaba, ndugu mwenyekiti. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kabla ya kuandika, kwa sababu umeuliza waziwazi jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, na umeliuliza ukiwa na dhamana ya watu mikononi mwako. Jina utakalolipeleka linaweza kuyageuza maisha ya mtu. Jina utakaloacha kulipeleka linaweza, ingawa kwa nadra, kugharimu maisha ya wengine. Mtu anayekuambia kwamba upande mmoja tu wa jambo hili ndio wenye uzito hakutakii mema.

Niruhusu nianzie Mkolani, kwa kuwa ndipo majirani zako walipoanzia. Mwezi Mei 2016, watu wenye mapanga waliingia katika Msikiti wa Rahman, eneo la Ibanda, waumini wakiwa katika swala, wakawaua watu watatu, imamu akiwa miongoni mwao. Waliouawa walikuwa Waislamu, na waliuawa ndani ya nyumba yao ya ibada. Tukio ambalo leo linatumiwa kumshuku kijana wa Kiislamu lilikuwa msiba wa Waislamu wa Mwanza kabla ya kuwa hofu ya mtu mwingine yeyote, na inaniuma kuona jinsi sehemu hiyo ya habari ilivyosahaulika upesi. Hali ni hiyo hiyo upande wa pili wa Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako tangu Oktoba 2017 vijiji vingi vilivyochomwa ni vya watu wanaoswali kama wale wanaowachoma. Ukitaka kujua ni nani katika mtaa wako mwenye sababu kubwa ya kuwaogopa watu wa aina hiyo, anza na yule mzee aliyekukanya.

Sasa nilijibu swali lako la kweli. Je, karibu magaidi wote tunaowasikia ni Waislamu? Inategemea sikio limeelekezwa wapi. Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda, alisema anataka nchi iongozwe kwa Amri Kumi za Mungu, na jeshi lake likateka maelfu ya watoto na kukata watu midomo na masikio. Sijawahi kusikia Mkristo wa Sengerema au Magu akiulizwa mlangoni pa kanisa kama anamuunga mkono Kony. Machi 2019, mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akidai kuwatetea Wazungu, na hakuna mtalii wa Kizungu aliyeshuka uwanja wetu wa ndege akapekuliwa zaidi kwa sababu yake. Huko tunaelewa mara moja, bila kufundishwa, kwamba muuaji ni muuaji na jirani ni jirani.

Hata hivyo sitakudanganya. Katika Afrika Mashariki, mashambulizi makubwa tunayoyakumbuka, kama la Dar es Salaam na Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, la Kampala la Julai 2010 lililoua zaidi ya 70, na la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 lililoua 148, yalifanywa na watu waliodai kupigania Uislamu. Wapo wanaosema kwamba mambo hayo hayahusiani na dini hata kidogo, na wanasema hivyo kwa nia njema, lakini siwezi kukubaliana nao. Wauaji wenyewe hutaja aya, na wanazuoni wa Kiislamu hutumia muda mwingi kuwapinga kwa aya, wakianza na ile ya sura ya tano inayosema kwamba anayeiua nafsi moja bila haki ni kama amewaua watu wote. Kusema kwamba kuna mafundisho potofu yanayojivika vazi la Uislamu, kuyachunguza na kuyakosoa, ni kazi halali, na Mwislamu na asiye Mwislamu wote wana haki ya kuifanya.

Kosa linaingia katika hatua inayofuata, na ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la maadili. Sentensi "wengi wa waliofanya mashambulizi haya walikuwa Waislamu" hugeuzwa kichwa chini, ikawa "Mwislamu ana uwezekano mkubwa wa kufanya shambulizi". Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa. Chukua watu wazima 100,000, na tuseme kumi kati yao kweli wana nia ya kuua, idadi ambayo ni kubwa kupita kiasi, lakini tuiache hivyo. Tuseme pia Mungu amekujalia kipimo bora kuliko cha polisi wa nchi yoyote, kipimo kinachowanasa wabaya tisa kati ya kumi na kumkosea mtu mwema mmoja tu kati ya mia. Ukiwapitisha wote, kitakuletea wabaya 9 pamoja na watu wema karibu 1,000. Na ndevu wala suruali fupi havifiki popote karibu na kipimo hicho: vimevaliwa na maelfu ya watu wa Answar Sunna na wengineo, wauza vipuri, walimu, madereva na mafundi cherehani, ambao hawajawahi kumgusa mtu. Jalada la polisi likijaa majina yao, yule mmoja wa hatari anapata pa kujificha, yaani katikati ya majalada ya watu wasio na kosa.

Sisi wa Usukuma hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Misungwi, alikuwa na macho mekundu, kama walivyokuwa nayo wanawake wengi wa rika lake waliopikia kinyesi cha ng'ombe kikavu kwa kukosa kuni, moshi ukiwaingia machoni asubuhi na jioni kwa miaka arobaini. Unajua, ndugu mwenyekiti, macho hayo yalimaanisha nini katika vijiji vyetu. Vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa sababu ya alama iliyoonekana usoni, na waliotaja majina yao mara nyingi walikuwa majirani waliofiwa na mtoto au kupoteza ng'ombe, watu wenye hofu ya kweli na msiba wa kweli. Nimewahi kuwasikia wakijitetea: walisema walikuwa wakijilinda, na kwamba tahadhari si dhambi. Bibi yangu alihamia kwetu mjini, akafa kifo chake mwenyewe. Sikulinganishi na wale, wala sisemi kituo cha polisi ni panga. Nasema kwamba namna ya kufikiri ni ile ile: hofu ya kweli inatafuta mahali pa kutua, inatua juu ya alama, na mwenye alama anatakiwa athibitishe kwamba hana hatia.

Najua hoja inayokuja, kwa kuwa wanafunzi wangu huileta kila mwaka, na ni hoja nzito. Wanasema: hata kama tutawasumbua wasio na hatia elfu moja, usumbufu wao si kitu ukilinganishwa na maisha ya watu mia moja wanaoweza kuokolewa. Aliyekamatwa kwa makosa ataachiwa kesho, aliyelipuliwa hatarudi.

Ningewaomba wanaosema hivyo wamtazame mvuvi mmoja wa Zanzibar, Mtanzania mwenzetu, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kukabidhiwa kwa majasusi wa Marekani. Alifungwa katika magereza ya siri nchini Afghanistan, akateswa kwa maji ya baridi, giza, kelele na kuning'inizwa, na baada ya miaka mitano, mwaka 2008, akarudishwa nyumbani na karatasi iliyosema kwamba si tishio. "Kesho" yake ilichukua miaka mitano. Hapa kwetu, viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, kosa lisilo na dhamana, wakakaa mahabusu hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi kabla mahakama haijasema kama wana hatia au hawana. Sina haja ya kuamua kama mahubiri yao yalikuwa mema. Ninachosema ni kwamba mtu akikaa rumande miaka saba bila hukumu, Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kwamba analo, imebaki wino tu kwake.

Tena tazama ni nani anayelipa gharama hiyo. Mimi nikisema niko tayari kubeba usumbufu fulani ili niwe salama, nazungumza juu ya mwili wangu na muda wangu. Mkristo wa Mwanza anaposema "tuko tayari kuvumilia msako", au mimi ninaposema hivyo nikiwa na shahada na kitambulisho cha kazi mfukoni, tunatoa sadaka kwa mali ya mwenzetu. Ibrahimu, baba wa imani ambaye wewe na yule mzee wote mnamheshimu, alisimama mbele ya Mungu akauliza: "Je! Utaharibu mwenye haki pamoja na mwovu?" Akashuka kutoka hamsini hadi kumi, na Qurani pia inamtaja akiwaombea watu wa Luti. Hakuuliza kama Sodoma ilikuwa na waovu, hilo alilijua. Aliuliza kama uovu wa walio wengi unaweza kumbebesha mzigo yule asiyeufanya, na hakukemewa kwa kuuliza.

Wapo wasioguswa na haki wala Maandiko, wanaotaka tu kujua nini kinafaa kazi. Kwao pia nina la kusema. Mwaka 2017, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliowahi kujiunga na vikundi vya namna hiyo barani Afrika. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma kuchukua hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, na zaidi ya nusu walikiri kwamba wanayaelewa kidogo tu, au hawayaelewi kabisa, maandiko ya dini waliyoipigania. Mjini New York, polisi waliunda kitengo cha kuchunguza misikiti, migahawa na vyama vya wanafunzi wa Kiislamu. Mwaka 2012 mmoja wa maofisa wao wakuu alikiri chini ya kiapo kwamba taarifa za kitengo hicho hazikuwahi kuzaa hata fununu moja ya kufuatilia, na mwaka 2014 kikavunjwa. Nchini Kenya, Aprili 2014, maelfu ya Wasomali walikusanywa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengi wao kupelekwa uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye ikaja Garissa. Sidai kwamba Kasarani ndiyo iliyoizaa Garissa. Nasema tu kwamba msako ule haukuizuia. Wavuvi wa ziwani watanielewa upesi: kokoro lilipigwa marufuku kwa sababu linasomba mazalia na samaki wachanga pamoja na wakubwa, na anayelivuta leo anapata ndoo mbili huku akilimaliza ziwa la mwakani. Polisi hupata habari za kweli kutoka kwa baba aliyeona mwanawe amebadilika, au imamu aliyesikia mahubiri ya ajabu kwenye simu ya mwanafunzi wake. Ukiwageuza baba huyo na imamu huyo kuwa watuhumiwa, hawatakupigia simu.

Mateso nayo yana hesabu yake. Wanne wa kwanza walioshtakiwa New York kwa milipuko ya 1998, akiwamo Mtanzania mmoja, walihukumiwa mwaka 2001 katika mahakama ya kawaida, mbele ya wazee wa baraza, wakafungwa maisha. Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantanamo. Kesi yake iliposikilizwa hatimaye mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kuliko wote, mtu anayedaiwa kumuuzia baruti, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Alionekana hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, akapatikana na hatia katika shtaka moja tu. Alifungwa maisha hata hivyo, lakini familia za waliokufa Dar es Salaam na Nairobi hazikuusikia ukweli wote mahakamani, na aliyewanyima ukweli huo ni yule aliyedhani kutesa ni njia ya mkato.

Kuna jambo jingine linaloihusu Mwanza yetu moja kwa moja. Tulipotunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, Watanzania wengi wasio Waislamu walinyamaza, wakidhani haiwahusu. Julai 2021, mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, Freeman Mbowe, ambaye ni Mkristo, alikamatwa humu humu jijini usiku wa kuamkia kongamano la katiba, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, akakaa gerezani zaidi ya miezi saba hadi mashtaka yalipofutwa Machi 2022. Silitaji hili kwa ajili ya siasa za chama chochote. Neno "gaidi" likishazoeleka kutumika bila ushahidi wa kutosha kwa jirani mwenye ndevu, halina breki inayolizuia lisimfikie mwingine.

Baada ya yote hayo, sina budi kusema neno kwa mzee wetu pia, nawe umfikishie kwa heshima. Hana haki ya kulitumia neno "chuki" kama kifuniko cha chungu. Serikali ina wajibu wa kimaadili, na si wa kisheria tu, kuwalinda watu wake, na wajibu huo ni pamoja na kuuliza maswali yasiyopendeza. Nimesikia mihadhara mingi juu ya haki za watuhumiwa ambamo wale watatu wa Mkolani hawakutajwa hata mara moja, wala askari waliouawa Kibiti mwaka 2017, wala wanakijiji wa Kitaya, Mtwara, walioshambuliwa Oktoba 2020. Anayezijali haki za binadamu huanza na haki ya kuishi. Polisi wakimwita kijana na kumuuliza kwa adabu alikuwa wapi, kwa sababu kuna jambo mahususi lililoonekana, hiyo si chuki.

Jambo mahususi ndilo neno nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo. Ukisikia kijana anachangisha fedha kwa ajili ya wapiganaji, ukajua anawashawishi wadogo wa mtaani waondoke naye kwenda mahali asipopataja kwa wazazi wao, ukaona silaha au vifaa vya milipuko, ukasikia kwa masikio yako akisema fulani anastahili kuuawa, au ukathibitisha kwamba anawasifia wauaji wa Mkolani na kusambaza picha zao, usisubiri jibu la mwalimu wala baraka ya mzee. Nenda polisi siku hiyo hiyo, eleza ulichokiona na ulichokisikia, usiongeze chumvi, na wala usitaje dini yake kama sehemu ya ushahidi. Ungefanya vivyo hivyo kama kijana huyo angekuwa mwimbaji wa kwaya.

Katika barua yako, nimetafuta jambo moja la namna hiyo sikuliona. Ndevu, suruali, kutopeana mkono na wanawake, kuhama msikiti: haya ni mambo ya mtu aliyebadilisha namna anavyoifuata dini yake, kama vijana wengi wa Kikristo walivyoacha kanisa la wazazi wao, wakahamia kwenye maombi ya usiku kucha na kukataa kula katika sherehe za ukoo. Yanaweza kuwaumiza wazazi. Si kosa la jinai, wala si mwanzo wa kosa la jinai. Kuhusu mwaka aliokaa nje ya mkoa, hujaniambia kama kuna mtu aliyemuuliza alikuwa wapi, na nahisi hakuna.

Kwa hiyo usilipeleke jina. Waite wale wakazi watatu, mmoja mmoja, uwaulize wameona nini hasa, kwa macho yao, siku gani. Kama yupo mwenye jambo mahususi, liandike na ulifuatilie, na kama hakuna, waambie kwamba ofisi yako haipokei mavazi kama taarifa, na kwamba kumzushia mtu jambo linaloweza kumfunga ni kumshuhudia jirani uongo. Kisha mchukue yule mzee, mwende pamoja nyumbani kwa jirani yako, jioni, bila mgambo. Mkae na baba kwanza. Muulize anavyomwona mwanawe, naye mzee amuulize kwa lugha ya dini yao, kwa kuwa yeye atasikia vitu ambavyo mimi na wewe hatuwezi kuvisikia. Halafu mwiteni kijana, umuulize alikuwa wapi na anafanya kazi gani sasa, na kama angependa kurudi Mwaloni. Waliomjua kule bado wapo, na msimu wa dagaa haujaisha.